Gitaa la Zamani Lililochongwa kwa Mkono: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Dawa

Gitaa la klasiki lililotengenezwa kwa mkono miaka hamsini au sitini iliyopita likianza kusumbua hapa Nairobi, mara nyingi halijaharibika. Limekauka, au limevimba kwa unyevu, au linaonyesha madhara ya ukarabati uliofanywa na mtu aliyekuwa na haraka. Mambo hayo matatu huleta dalili zinazofanana, na ndiyo maana watu hukimbilia tiba isiyofaa. Nimeona magitaa mazuri yaliyostahimili vita, safari za meli na watoto wa nyumba tatu, kisha yakaumizwa na chupa moja ya gundi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kuangalia, unafuata kupima, na mwisho kabisa ndipo unagusa.

Kwanza, mjue aliyelitengeneza

Chukua tochi ya simu na kioo kidogo, ulegeze nyuzi kidogo, uangalie ndani kupitia tundu la sauti. Usiishie kwenye lebo, maana lebo hubandikwa na yeyote. Angalia kazi yenyewe. Kwenye magitaa ya mtindo wa Uhispania utaona uso umeshikanishwa na mbavu, zile mbao za pembeni, kwa vijiti vidogo vya mti, kimoja kimoja, kuzunguka ukingo mzima. Shingo haikupachikwa baadaye: mbavu zimeingizwa kwenye mifereji iliyokatwa ubavuni mwa kitako cha shingo, gitaa likajengwa kuanzia hapo. Chini ya tundu kuna mataruma membamba, vile vijiti vinavyoutegemeza uso kwa ndani, yametandazwa kama upepeo.

Mpangilio huo ulikuwepo kabla ya Antonio de Torres wa Almería (1817–1892), lakini ni yeye aliyeukamilisha, akapanua mwili wa gitaa na kutumia urefu wa uzi wa milimita 650 ambao hadi leo ndio kipimo cha kawaida. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, uso peke yake ukiwa wa mti, kuthibitisha kwamba sauti inazaliwa usoni. Kila anayekarabati gitaa la zamani anapaswa kukumbuka jambo hilo. Uso una unene wa milimita mbili na kitu, nao unafanya kazi ya ngozi ya ngoma.

Pitisha kidole ndani, ukifikia, kwenye ncha ya taruma moja. Katikati lina kimo cha milimita chache, kisha linapungua taratibu hadi mwishoni linakaribia wembamba wa karatasi. Ukimulika kwa upande utaona mikwaruzo midogo bapa ya patasi, wala hakuna msasa uliopita. Hapo fundi alipunguza kidogo, akagonga uso kwa kidole, akasikiliza, akapunguza tena. Hakuna kipimo cha kiwandani kinachoweza kurudia uamuzi huo, kwa sababu kila kipande cha sprusi, mti laini wa kutengenezea uso, kina ugumu wake. Mtu akikuambia ataongeza taruma “ili liwe imara”, anataka kufuta kazi hiyo.

Pili, ijue hewa ya nyumba yako

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Januari na Februari hewa hukauka, na alasiri unyevu wa ndani ya nyumba unaweza kushuka chini ya asilimia 40. Mvua za masika zikianza Machi, asubuhi za Aprili unyevu hupanda ukapita asilimia 80. Mti hutanuka na kusinyaa kukatisha nyuzinyuzi zake, si kwa urefu wake, na uso wa gitaa ni ubao mpana mwembamba uliogandishwa pande zote. Hauna pa kukimbilia. Ukikauka unabonyea au unapasuka, ukilowa unavimba.

Gitaa lililokaa miaka Mombasa na kuletwa Nairobi mwezi wa Januari liko hatarini zaidi ya yote. Liache ndani ya kasha lake siku kadhaa kabla ya kulizoesha chumba, na kasha hilo liwe na unyevu.

Nunua kipima unyevu kidogo ukiweke ndani ya kasha. Lenga asilimia 45 hadi 55. Wakati wa kiangazi, sponji iliyokamuliwa vizuri ndani ya kisahani cha sabuni chenye matundu, iwekwe kwenye kasha karibu na kichwa cha gitaa bila kugusa mti, inatosha. Wakati wa mvua, toa sponji na ufunge kasha. Marekebisho haya huchukua wiki, si saa. Usilazimishe kwa mvuke wa sufuria wala kwa kulianika juani.

Dalili: nyuzi zinakwaruza

Hili ndilo lalamiko la kwanza kila Februari. Kabla ya kumwita fundi, tafuta mkwaruzo unatokea wapi hasa.

Uzi ukikwaruza ukiwa wazi tu, na ukibonyezwa kwenye freti yoyote, vile vichuma vilivyokatisha ubao wa vidole, unanyamaza, shida iko kwenye mfupa wa juu, ule ulio kati ya kichwa na ubao wa vidole. Mfereji wa uzi huo umelika ukashuka. Noti moja tu ikikwaruza, angalia freti inayofuata mbele yake: imeinuka upande mmoja, kwa kawaida kwa sababu ubao wa vidole umesinyaa. Pitisha kucha ukingoni mwa shingo. Ncha za freti zikikukwaruza vidole, huo ni ushahidi wa ukame bila hata kipimo.

Mkwaruzo ukienea sehemu nyingi kwa wakati mmoja, hasa nyuzi nene, tazama uso kwa upande ukiwa umeweka rula juu yake. Gitaa lenye afya huwa na mwinuko mdogo sana kwenye eneo la daraja, kile kipande cha mti usoni kinachoshika nyuzi. Ukikuta limekuwa bapa au limebonyea, uso umekauka na kushuka pamoja na daraja, nyuzi zikafuata. Hapa usiguse mifupa wala freti. Rudisha unyevu kwa wiki tatu au nne, kisha upime tena. Aliyeinua mfupa wa daraja, ule ambao nyuzi hulalia, Februari atakuja kulalamika Mei kwamba nyuzi ziko juu, na sasa itabidi akate mfupa uleule aliouongeza.

Kuna mkwaruzo wa aina nyingine, unaofuata noti wala haufuati uzi. Ukipiga noti ya la kwenye uzi wa tano inakwaruza, ukiipiga ileile kwenye uzi wa sita freti ya tano inakwaruza vilevile. Kitu fulani kinatetemeka pamoja na noti hiyo. Anza na vitu rahisi: ncha ya uzi iliyoachwa ndefu ikigusa uso nyuma ya daraja, skrubu iliyolegea kwenye mashine za kichwani, lebo iliyobanduka kona, hata kifungo cha shati lako. Usipokipata, gonga uso na mgongo polepole kwa kifundo cha kidole, sentimita kwa sentimita. Sehemu nzima hutoa mlio mmoja uliokamilika. Palipo na taruma lililobanduka utasikia mlio wa pili mfupi, mkavu, kama umejibiwa. Tia alama mahali hapo kwenye karatasi, si kwenye gitaa, na umpelekee fundi karatasi hiyo.

Dalili: nyuzi zimepanda, vidole vinauma

Pima. Weka rula kwenye freti ya 12, upime nafasi kati ya juu ya freti na chini ya uzi. Milimita 3 kwa uzi wa kwanza na 4 kwa wa sita ni kawaida kwa gitaa la klasiki. Wapigaji wengi wanaotoka kwenye gitaa la umeme hudhani hilo ni kosa. Si kosa, uzi wa nailoni huyumba upana zaidi na unahitaji nafasi.

Kama ni milimita 5 au zaidi, uliza miezi ya mvua imechangia kiasi gani. Kisha uliza swali linalouma zaidi: je, gitaa hili limewahi kufungwa nyuzi za chuma?

Nchi yetu ni ya gitaa la chuma. Omutibo wa George Mukabi, ule mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, bendi za mjini, gitaa la kanisani na la shule, vyote hivyo vimelea masikio yanayotaka mlio wa chuma, na ukiingia duka la muziki katikati ya jiji ukisema “nyuzi za gitaa” utapewa za chuma. Seti ya nailoni huvuta kama kilo 40 kwa jumla. Seti ya chuma mara nyingi huvuta 70 au zaidi. Magitaa mengi ya klasiki ya zamani hayana chuma cha kurekebishia ndani ya shingo, ni mti mtupu. Kwa hiyo shingo inapinda mbele, uso unavimba nyuma ya daraja na kuzama mbele yake, na siku moja daraja linang'oka likiwa na nyama ya mti.

Dalili za historia hiyo huonekana hata nyuzi zikiwa zimebadilishwa: alama za duara kwenye daraja pale vishanga vya nyuzi za chuma vilipobana, mifereji myembamba iliyozama kwenye mfupa wa juu, na uso usiorudi hata baada ya miezi ya nyuzi laini. Ukiona hayo, funga nailoni za mvuto mdogo, uache gitaa lipumzike, na ufuatilie kipimo cha freti ya 12 kila mwezi. Lisipobadilika tena, limetulia na linapigika. Likiendelea kupanda, kuna taruma lililoachia.

Ikiwa shingo ni nyoofu na uso ni mzima, mfupa wa daraja unaweza kupunguzwa. Ukitaka uzi ushuke milimita 1 kwenye freti ya 12, ondoa 2 kwenye mfupa, kwa upande wa chini na kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo ili ubaki bapa. Afadhali zaidi: usiuguse wa asili, chonga mwingine na uuweke wa zamani kwenye bahasha ndani ya kasha. Mfupa wa ng'ombe hauna shida kupatikana. Mafundi wa Kibera wanaochonga mapambo ya mfupa wanaweza kukukatia kipande, mradi umeondolewa mafuta na kukauka vizuri. Lakini gitaa la zamani sana linaweza kuwa na pembe ya ndovu mahali hapo. Ukishuku hivyo, usiuze wala usisafiri nalo nje kabla ya kuuliza KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Swali hilohilo linahusu mgongo wa mti mwekundu wa Brazili, Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo wetu, ambao tangu 1992 umo kwenye orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Gitaa kuwa mali yako halali hakuliondolei haja ya hati mpakani.

Dalili: ufa

Usitie chochote ndani ya ufa siku unayouona. Legeza nyuzi, kisha uangalie rangi. Ufa mpya una mti mweupe safi ndani, wa zamani umejaa uchafu na jasho. Angalia pia ulipo. Ufa wa katikati kabisa ya uso au mgongo ni maungio yaliyoachana, na ndio mwepesi kutibu. Nyufa mbili zinazoshuka pembeni mwa ubao wa vidole zina sababu yake: mti mgumu wa ubao na sprusi ya uso havisinyai kwa kiasi kimoja, basi ule mlaini ndio unaopasuka. Ufa wenye kingo zisizolingana kimo, upande mmoja juu na mwingine chini, umetokana na kugongwa au na taruma lililovunjika chini yake.

Rudisha unyevu polepole. Nyufa nyingi za ukame hujifunga zenyewe kiasi cha kupotea machoni, na hapo ndipo fundi anapozigundisha, kisha anabandika ndani vipande vidogo vyembamba vya sprusi kukatisha ufa. Anayejaza ufa uliofunguka kwa unga wa mti na gundi anaweka kabari: mvua zikija, mti unatanuka, haupati nafasi, unapasuka kando.

Dalili: daraja linainuka

Chukua kipande cha karatasi nyembamba, ujaribu kukipenyeza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Kikiingia hata milimita mbili, legeza nyuzi zote leo, usingoje kesho. Daraja lililoanza kuachia hung'oka lote ghafla, tena huondoka na vipande vya uso.

Hapa ndipo suala la gundi linapokuwa suala la uhai wa chombo. Mafundi wa zamani walitumia gundi ya ngozi ya wanyama, ile inayochemshiwa taratibu ndani ya maji ya moto. Ina nguvu ya kushikilia miaka mia, lakini ikipata joto na unyevu inalainika na kuachia, na gundi mpya hushikana na mabaki ya ile ya zamani. Fundi alijua kwamba siku moja mtu mwingine atahitaji kuingia ndani, akamwachia mlango. Ni kwa ajili hiyo magitaa ya Torres na ya Manuel Ramírez, fundi wa Madrid, bado yanatengenezeka, na ni kwa ajili hiyo pia hupaswi kuacha gitaa kwenye gari lililofungwa juani, hata kwa muda wa kula chakula cha mchana.

Nililetewa gitaa la Kihispania ambalo daraja lake lilikuwa limebandikwa kwa epoksi, gundi ya kemikali inayokauka ngumu. Mwenyewe alikuwa ameambiwa, “Hii haitang'oka tena, boss.” Na kweli, epoksi haikung'oka. Kilichong'oka ni uso: daraja liliinuka likiwa limebeba tabaka la sprusi lenye ukubwa wa kiganja, na nyuzinyuzi za mti zimesimama wima pande zote mbili. Kazi ambayo kwa gundi ya ngozi ingekuwa ya asubuhi moja ikawa ya kupandikiza mti mpya kwenye uso wa zamani, na kila milimita iliyopandikizwa ni sehemu ya kazi ya fundi wa kwanza isiyorudi. Supaglu haifai vilevile. Gundi nyeupe ya maseremala ni nzuri kwa meza, ila kwenye daraja huacha utando ambao gundi inayofuata haishiki.

Dalili: halishiki tuni

Nyuzi mpya za nailoni hunyooka kwa siku kadhaa, hilo si tatizo. Kama zimezoea na bado zinashuka, angalia fundo la darajani, kisha mashine. Ukikaza na sauti ikaruka ghafla badala ya kupanda taratibu, uzi unakwama kwenye mfereji wa mfupa wa juu. Sugua hapo kwa risasi ya penseli.

Likiwa sawa nyuzi zikiwa wazi lakini noti za juu zinapotoka, linganisha mlio wa kengele wa freti ya 12, unaotoka ukigusa uzi kidogo tu bila kuubonyeza, na noti iliyobonyezwa papo hapo. Kabla ya kulaumu gitaa, pima kutoka mfupa wa juu hadi freti ya 12 na uzidishe kwa mbili. Ukipata 664 badala ya 650, huenda unashika gitaa la mtindo wa José Ramírez wa Tatu wa Madrid, aliyependa uzi mrefu na ambaye katika miaka ya 1960 alianza kutumia mwerezi mwekundu wa Amerika ya Kaskazini usoni badala ya sprusi. Si kosa, ni chaguo la fundi.

Dalili: sauti imekufa

Badilisha nyuzi. Nusu ya magitaa “yaliyokufa” hufufuka hapo. Yaliyobaki, tafuta taruma lililoachia, au rangi nzito iliyopakwa juu.

Noti moja ikijaa ghafla na kufa haraka kuliko jirani zake, mara nyingi karibu na noti za sol na la kwenye nyuzi nene, hiyo ni sauti ya asili ya kisanduku chenyewe ikikutana na noti yako. Kila gitaa zuri linayo mahali fulani. Wapigaji hujifunza kuizunguka.

Dalili: ngozi ya gitaa inanata au imepauka

Magitaa mengi ya aina hii yamesuguliwa shelaki, rangi ya kung'arisha mti, iliyoyeyushwa kwenye spiriti, matabaka mengi membamba kwa kitambaa. Spiriti ndiyo iliyoileta na spiriti ndiyo inayoiondoa. Kitakasa mikono, manukato na bia iliyomwagika huacha doa mara moja. Nawa mikono kwa maji na ukauke kabla ya kupiga, ufute gitaa kwa kitambaa kikavu laini. Mkono wa shati mrefu unaokinga jasho la kiwiko ni bora kuliko dawa yoyote ya kung'arisha. Vanishi ya fanicha isilikaribie kabisa: huongeza uzito usoni na kuziba kile ulichokilipia.

Vitundu vidogo vyenye unga mpya ni wadudu. Litenge na mbao nyingine, uweke karatasi nyeusi chini yake, ukague kila asubuhi. Usipulize dawa ya nyumbani.

Ukifika kwa fundi

Nairobi ina maseremala hodari, na wale wa Ngong Road watakutengenezea kabati litakalowazika wajukuu. Gitaa hili linahitaji mtu mwingine. Muulize kwa heshima kabla hujaliacha: “Fundi, unatumia gundi gani kwenye daraja?” Na baada ya hapo: “Ukimaliza, mwingine ataweza kulifungua?” Asiyependa maswali hayo, mshukuru, chukua kasha lako uende.

Ukimpata anayekujibu vizuri, mpe karatasi yenye vipimo vya freti ya 12, unyevu wa kasha kwa wiki nne zilizopita, mahali panapokwaruza na noti yenyewe. Piga picha za ndani kabla na baada. Mwombe akurudishie kila kipande alichokiondoa, hata kijiti cha taruma kilichovunjika, na aandike kwenye karatasi hiyohiyo alichofanya na gundi aliyotumia. Karatasi ikae ndani ya kasha, pamoja na mfupa wa zamani kwenye bahasha yake.